Majengo ya Kale ya Nairobi: Yaliyopata Kazi Mpya na Yaliyobaki Majina

Watu wengi wa Nairobi hupita kando ya majengo ya kale ya mji wao kila siku bila kuyatambua, kwa sababu majengo hayo hayakuzungushiwa ua wala kutengwa kama magofu ya Gedi, bali yangali kazini. Moja ni benki, jingine limejaa nyaraka za serikali, jingine ni msikiti ambao jina lake sasa linajulikana zaidi kama kituo cha matatu. Kwa maoni yangu, kazi hiyo ndiyo iliyoyaponya. Katikati ya mji ambamo kila kipande cha ardhi kinavutaniwa na wenye fedha, jengo la mawe la orofa mbili haliponi kwa uzuri wake, bali kwa kuwa kuna mtu anayelihitaji hivi leo. Nimeandika hapa juu ya majengo hayo, na pia juu ya ile sehemu ya mji ambayo haikujengwa kwa mawe na ambayo kwa hiyo haikupata bahati ya kurithiwa.

Nairobi haina uzee wa Mombasa wala Lamu. Mahali hapa palikuwa malisho na maji ya kunyweshea mifugo ya Wamaasai, hadi reli iliyoanza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896 ilipofika tarehe 30 Mei 1899. Wahandisi walipapenda kwa sababu zao wenyewe: palikuwa tambarare, palikuwa na mto, na mbele yake ndipo ardhi ilipoanza kupanda kuelekea nchi ya Wakikuyu kabla ya kuporomoka ghafla katika Bonde la Ufa. Walihitaji mahali pa kupumua, pa kuweka karakana, ghala na ofisi, kabla ya kukabili mteremko ule. Mwaka huohuo makao makuu ya reli yalihamishwa kutoka Mombasa, naye John Ainsworth, ofisa aliyesimamia mkoa wa Ukamba, akahamisha ofisi zake kutoka Machakos. Hakuna aliyeuliza kama ardhi hiyo ingewafaa binadamu. Ilikuwa kinamasi, maji yakituama kila masika, na mwaka 1902 tauni ilipozuka katika mtaa wa biashara wa Wahindi, serikali ilichagua dawa ya haraka, ikauchoma moto mtaa mzima. Baadaye madaktari walipendekeza mji uhamishwe, lakini karakana zilikuwa zimekwisha kusimama na fedha zimekwisha kutumika. Mwaka 1905 Nairobi ikawa makao makuu ya utawala badala ya Mombasa. Ukiona leo mvua ya saa mbili ikigeuza barabara za katikati ya mji kuwa mito, usimlaumu gavana peke yake.

Anayetaka kuisoma historia hii kwa miguu na aanzie stesheni ya reli. Karibu nayo kuna Makumbusho ya Reli, yaliyofunguliwa mwaka 1971, na kwangu mimi ni mahali panapostahili wageni wengi zaidi kuliko inaopata. Nje yamesimama magarimoshi ya mvuke yenye kutu na rangi iliyobabuka, na watoto huruhusiwa kuyapanda. Kati ya mabehewa yaliyohifadhiwa ni lile ambalo mwaka 1900, katika stesheni ya Kima, simba aliingia usiku na kumvuta nje ofisa wa polisi aliyeitwa Charles Ryall, ambaye alikuwa amelala humo akimvizia simba huyohuyo. Kila mgeni husimama mbele ya behewa hilo, na waongozaji wanajua kulisimulia vizuri. Tatizo langu na hadithi za simba, hii na ile ya Tsavo, ni kwamba zimefunika mambo makubwa zaidi. Wafanyakazi wapatao 32,000 waliletwa kutoka India kuijenga reli hii, na takriban 2,500 kati yao walikufa, wengi wao kwa maradhi na ajali. Simba waliwaua wachache tu katika hao, lakini ndio waliobaki midomoni mwa watu.

Kutoka stesheni, ukivuka Barabara ya Haile Selassie mahali inapokutana na Moi Avenue, utakuta bustani ya ukumbusho wa shambulio la bomu la tarehe 7 Agosti 1998 dhidi ya ubalozi wa Marekani. Ukuta wa hapo umechongwa majina ya waliouawa, watu 213 katika Nairobi. Nalitaja jambo hili la majina kwa kuwa litatufaa tutakapofika kwenye ukumbusho mwingine ulio mbele.

Moi Avenue inapokaribia Tom Mboya Street ndipo yalipo Makavazi ya Kitaifa, ambayo kila mtu mjini huyaita Akaivu. Pengine hakuna mahali Nairobi ambapo watu wengi zaidi wameahidiana kukutana, na pengine hakuna ambapo wengi zaidi wameishia ngazini bila kuingia ndani. Jengo hilo lilijengwa mwaka 1906 kuwa benki, National Bank of India, wakati ambapo sehemu kubwa ya mji ilikuwa ya mabati na mbao, na ukilitazama utaelewa kilichokusudiwa: kuta nene na nguzo nzito, ili mwenye fedha aone kuwa fedha zake hazitakwenda popote. Makavazi yenyewe yaliundwa kwa sheria ya mwaka 1965, na yalihamia humu baadaye. Siku hizi ghorofa ya chini ni ukumbi wa sanaa na vitu vya kale vilivyokusanywa na Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais kwa miezi michache mwaka 1966 kabla ya kujiuzulu: vinyago, vyombo vya udongo, vitambaa, silaha na mapambo kutoka pande zote za Afrika. Juu ni chumba cha kusomea, ambapo unaweza kuletewa jalada la mkuu wa wilaya wa kikoloni, karatasi zimegeuka rangi ya chai, na ukasoma jinsi ofisa kijana alivyolalamika kuhusu kijiji cha babu yako. Murumbi aliiuzia serikali mkusanyiko wake pamoja na nyumba yake ya Muthaiga. Mkusanyiko umepona kwa sababu ulipewa pa kukaa. Nyumba haikupewa kazi, nayo ikabomolewa.

Hatua chache kutoka hapo imesimama sanamu ya Tom Mboya, mwanasiasa na waziri, iliyowekwa mwaka 2011, karibu na mahali alipopigwa risasi tarehe 5 Julai 1969 akitoka katika duka la dawa.

Sehemu nyingine ya mkusanyiko wa Murumbi imo katika jengo dogo lililo kwenye kona ya Kenyatta Avenue na Uhuru Highway, chini ya kivuli cha Nyayo House. Lilijengwa mwaka 1913 kuwa ofisi ya utawala ya mkoa, na ndani yake walowezi waliandikisha kuzaliwa, ndoa na vifo. Siku hizi ni ukumbi wa maonyesho ulio chini ya Makumbusho ya Taifa. Hapo ndipo palipochukuliwa kuwa mwanzo wa kupimia umbali wa barabara kutoka Nairobi. Wengi huliona kutoka dirishani mwa matatu wakati wa msongamano, nao msongamano wa mahali hapo huwapa muda wa kutosha kulitazama.

Mwaka huohuo wa 1913 ndipo lilipojengwa jengo ninaloliona kuwa muhimu kuliko yote katika mji wa kale, nalo ni Kipande House katika Kenyatta Avenue. Mchoraji wake alikuwa Gurdit Singh, na mwanzoni lilikuwa ghala. Ni jengo la mawe ya kuchonga lenye mnara mdogo juu yake, nalo lilihesabiwa miongoni mwa majengo marefu zaidi mjini kwa miaka mingi. Jina lake halikutokana na mwenye jengo wala mjenzi. Sheria ya mwaka 1915, iliyoanza kutekelezwa kwa dhati baada ya Vita Kuu ya Kwanza, ilimlazimu kila mwanamume Mwafrika aliyefikia umri wa kufanya kazi awe na kipande, yaani karatasi iliyokuwa na alama za vidole vyake, jina la mwajiri wake, ujira wake na siku aliyoruhusiwa kuacha kazi. Karatasi hiyo ilikunjwa ndani ya kikopo cha chuma kilichotundikwa shingoni kwa kamba. Polisi angeweza kumsimamisha mtu yeyote njiani na kukidai, na asiyekuwa nacho alikwenda jela. Aliyeacha kazi bila mwajiri kutia sahihi alihesabiwa mtoro, naye alisakwa kwa alama zake za vidole. Katika jengo hili ndimo wanaume walimopangwa foleni ili waandikishwe.

Sasa ni tawi la Benki ya KCB. Watu wanapanga foleni humo bado, na kwa bahati mbaya wanaombwa kitambulisho bado, lakini tofauti ni kubwa kiasi kwamba sitaki kuifanyia mzaha zaidi ya hapo. Nisemalo ni kwamba benki imelitunza jengo vizuri, mawe yamesafishwa na paa halivuji, na kwa jambo hilo inastahili shukrani. Ila mteja wa kawaida hawezi kujua kutokana na jengo lenyewe ni nini hasa kilichotendeka ndani yake. Uhifadhi wa mawe umefanikiwa, uhifadhi wa habari bado. Kikopo kimoja cha kipande ndani ya kabati la kioo, pale mlangoni, kingetosha.

Kwenye Kenyatta Avenue hiyohiyo umo ukumbusho ninaoupendekeza kwa kila mgeni wangu: sanamu tatu za shaba, zilizotengenezwa na mchongaji Mwingereza James Alexander Stevenson katika miaka ya 1920, za watu waliotumika katika Vita Kuu ya Kwanza upande wa Afrika Mashariki. Kuna askari wa King's African Rifles, kuna mpiganaji Mwarabu, na kuna mpagazi. Huyo wa tatu ndiye anayenisimamisha. Ukumbusho mwingi wa vita duniani huwa wa wapiganaji peke yao, lakini huu ulimtambua mtu aliyebeba mzigo, na maandishi yake, kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili, yanawaita wapagazi miguu na mikono ya jeshi. Yanaahidi pia kwamba anayeipigania nchi yake, hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake.

Sasa utafute jina hata moja kwenye jiwe hilo. Hakuna. Makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa katika vita vile, wengi zaidi kwa kuhara, malaria na njaa kuliko kwa risasi, na majina yao hayakuchongwa popote, wakati makaburi ya maofisa Wazungu yana majina, vyeo na tarehe. Linganisha na ule ukuta wa mwaka 1998. Jambo pekee katika Nairobi ambalo lilirithi kumbukumbu ya wapagazi ni mtaa wa Kariokor, uliopewa jina kutokana na kambi ya kikosi chao, Carrier Corps, na anayekwenda soko la Kariokor kununua viondo na viatu vya ngozi, au kula nyama choma, anawataja bila kujua.

Majengo ya dini nitayapitia kwa haraka, si kwa kuyadharau, bali kwa kuwa hayana hatari ya kusahauliwa maadamu waumini wapo. Msikiti wa Jamia, wenye kuba tatu na minara miwili, ulijengwa kati ya mwaka 1925 na 1933, na ukiutazama kutoka upande wa Banda Street adhuhuri ya Ijumaa, huku watu wakijaa hadi nje, utakubali kuwa hakuna jengo la mji wa kale linalotumika kuliko hilo. Msikiti wa Khoja wenye mnara wa saa ulifunguliwa mwaka 1922, nao ndio huo ulioipa jina steji ya Koja. Kanisa kuu la Watakatifu Wote lilianza kujengwa mwaka 1917 na likakamilika mwaka 1952.

Jirani na Jamia ipo Maktaba ya McMillan, yenye nguzo za mtindo wa Kigiriki na simba wa mawe mlangoni, iliyofunguliwa mwaka 1931 kumkumbuka Sir William Northrup McMillan, tajiri mzaliwa wa Marekani ambaye alikuwa mlowezi hapa. Kwa miaka mingi sana ilikuwa ya Wazungu pekee, hadi uhuru ulipokaribia. Tangu miaka michache iliyopita shirika la Book Bunk limekuwa likishirikiana na serikali ya kaunti kuifufua pamoja na matawi yake mawili ya Eastlands, na huo ni mfano wa kazi ninayoitaka: vitabu vya watoto wa leo kwenye rafu za jana.

Bustani ya Jeevanjee, iliyo karibu na Moi Avenue, iliokolewa na watu, si na kazi. Alibhai Mulla Jeevanjee, mfanyabiashara mzaliwa wa Karachi aliyepata utajiri kwa zabuni za reli, aliitoa kwa wakazi wa mji mwaka 1906 pamoja na sanamu ya Malkia Victoria. Mwaka 1991 ulizuka mpango wa kuijenga maegesho ya magari ya ghorofa nyingi, na mjukuu wake, Zarina Patel, akaongoza upinzani hadi mpango ukakwama. Miaka miwili kabla yake, Wangari Maathai alikuwa amezuia mnara wa ghorofa 60 usijengwe ndani ya Uhuru Park. Katika Jeevanjee ndimo hukutana Bunge la Mwananchi, watu waliosimama duara wakibishana kuhusu bei ya unga, katiba na kandanda, na ubora wa hoja zao mara kwa mara unazidi wa bunge lile lenye mnara wa saa. Jumba la mikutano la KICC, lililokamilika mwaka 1973 kwa michoro ya Karl Henrik Nøstvik na David Mutiso, naliacha, kwa sababu limepigwa picha za kutosha.

Upande wa chuo kikuu historia ni nzito na alama ni chache. Tarehe 16 Machi 1922 umati ulikusanyika nje ya kituo cha polisi, karibu na palipo chuo leo, kudai kuachiliwa kwa Harry Thuku, aliyekamatwa siku mbili kabla kwa kupinga kipande, kodi na kulazimishwa kwa wanawake kufanya kazi. Wanaume walipoanza kulegea, Mary Muthoni Nyanjiru aliwasuta, akawaambia wavue suruali zao wawape wanawake, kisha umati ukasonga mbele. Askari wakafyatua risasi, na walowezi waliokuwa kwenye veranda ya Hoteli ya Norfolk wakajiunga nao. Serikali ilikiri vifo 21. Nyanjiru alikuwa miongoni mwao. Thuku alihamishiwa Kismayu na hakurudi hadi mwaka 1930. Hoteli hiyo, iliyofunguliwa siku ya Krismasi ya mwaka 1904, ipo bado na imepakwa rangi vizuri, na barabara iliyo mbele yake inaitwa Harry Thuku Road. Nyanjiru hana hata jiwe mahali hapo.

Hadi hapa nimeuzungumzia mji wa mawe, na mji wa mawe ulikuwa wa wachache. Waafrika waliojenga na kuuhudumia waliishi katika vijiji vya pembezoni: Pangani, Mji wa Mombasa, Maskini na Kaburini. Wengi wa wenyeji wake wa kwanza walikuwa Waislamu na Kiswahili kilikuwa lugha yao ya kila siku, na kwa hiyo sisi tunaokiandika tunapaswa kuvijua vijiji hivi kuliko tunavyojua orodha ya magavana. Serikali ilivibomoa kimoja baada ya kingine. Katika miaka ya mwanzo ya 1920 watu walihamishiwa Pumwani, ambako waliruhusiwa kujijengea wenyewe, na ndiyo sababu sehemu ile inaitwa Majengo hadi leo. Pangani ilidumu zaidi, hadi mwishoni mwa miaka ya 1930, kisha wenyeji wakapelekwa Shauri Moyo.

Nyumba za Majengo zilijengwa kwa mpango wa pwani: ukumbi mwembamba unaopita katikati kutoka mlango wa mbele hadi uani, vyumba viwili au vitatu kila upande, uani choo na mahali pa kupikia, na mbele baraza ya kukalia. Kuta zilikuwa za miti na udongo, paa la bati au madebe yaliyofuliwa yakawa bapa. Chumba kimoja mwenye nyumba, au mara nyingi mwanamke mwenye nyumba, alikaa mwenyewe, vingine akapangisha. Chache kati ya nyumba hizo zimesimama bado, zimechoka, kati ya vibanda na maghorofa. Sijaona jengo la kale mjini linaloonyesha vizuri kuliko hizo jinsi mji huu ulivyokaliwa na watu wake, na ndizo nahofia zitatoweka kwanza, kwa kuwa udongo hauna mtetezi kama mawe.

Kaloleni ni habari tofauti, kwa kuwa ilijengwa na serikali ya mji katika miaka ya 1940, kwa mawe na vigae, nyumba zikiwa zimetawanyika kwenye nyasi. Ukumbi wake ndimo Tom Mboya alimofanyia mikutano ya siasa wakati ambapo Mwafrika hakuwa na kumbi nyingi, na wenyeji waliuita Bunge. Ukumbi na tawi la maktaba vipo hadi leo. Siku hizi mitaa ya kaunti ya Eastlands inabomolewa kupisha nyumba za ghorofa, Pangani ikiwa ya mwanzo, na sipingi, kwa kuwa watu wanahitaji pa kulala na mabomba ya maji machafu ya miaka ile yamezidiwa. Ninachokiomba kwa wapangaji wa mji ni kwamba zamu ya Kaloleni itakapowadia, ukumbi ule usihesabiwe katika eneo la kubomolewa, na Pumwani ibakizwe walau safu moja ya nyumba za udongo, ipewe mwenye kuitumia kwa shughuli yoyote, iwe zahanati, hoteli ya chapati na maharagwe, au darasa la cherehani.